Daftari la Mafuta ya Taa

Mkono wangu wa kulia bado wanuka mafuta.
Sabuni ya mche imeshindwa, ndimu imeshindwa,
hata udi wa harusi ya mwanangu uliifunika harufu siku mbili tu.
Miaka ishirini na mbili nimepima usiku wa Siyu
kwa kikombe cha bati kilichobonyea shavu:
kikombe kimoja, mikesha miwili,
kama nyumbani hamna homa, kama hamna mtihani.

Taa za watu zilinieleza yao.
Nilijua nani ana kichanga kisicholala,
nani mumewe karudi kutoka Mombasa
(huyo hanunui, giza lamtosha),
na Fundi Shekuwe, akishona makubadhi ya Idi,
alichukua vikombe vitatu, cha nne akaomba kwa macho.
Nikamwandika. Niliandika wengi.
Daftari likajaa, nikalishonea jingine mgongoni.

Halafu vioo vikaja.
Punda kumi na mmoja kutoka Mtangawanda,
kila mmoja na vioo viwili ubavuni, vimevikwa magunia,
na nyuma yao Somoe binti Kale, nyundo kiunoni,
suruali chini ya buibui, akipanda mapaa ya watu
huku wanaume wakimshikia ngazi na kutazama kando.

Sitaficha: nilimwombea mawingu.
Na mvua ilipokuja kweli, siku tatu, nikauza debe zima
kwa furaha ya mtu aliyekula cha haramu.
Lakini jua la kwetu halijui kununa.
Watu wakapita dukani mikono mitupu,
wakinisalimu kwa adabu kuliko zamani,
kama wanaomsalimu mfiwa.

Duka langu likawa la mwisho.
Somoe akapigilia waya juu ya rafu ya viberiti.
"Bonyeza, Bi Rukiya," akasema. Nikabonyeza.

Wallahi, sikujua nilikuwa nikiishi wapi.
Dari nyeusi kama kitako cha chungu.
Ukutani, kwa mkaa, hesabu za mwaka wa kwanza.
Na kikombe changu, pale pale juu ya pipa:
lile shavu lilikuwa limeingia ndani mno,
kidole gumba kizima kinalala mle.
Kidole kizima cha mafuta, kila kikombe,
kila nyumba, miaka ishirini na mbili.
Nilijua? Gizani mtu hujua anachotaka kujua.

Somoe hakuona. Alikuwa akihesabu noti.
"Mama alikufa na deni lako, vikombe arubaini na kimoja.
Ndivyo nilivyosomea. Nimekuja kumlipia."
Nikamwambia ukurasa ule uliliwa na mchwa.
Daftari lilikuwa wazi baina yetu, chini ya taa, zima.
Akalitazama. Akazirudisha noti mfukoni,
na mpaka leo sijui alisoma nini.

Mwezi wa pili tukajua tabia ya kile kisanduku cha kijani.
Usipotuma pesa kwa simu, kinazima.
Hakiji mlangoni, hakikohoi, hakiulizi mgonjwa yu hali gani.
Mimi, hata nilipowapunja, niliona haya kumnyima mtu.

Juzi, baada ya isha, Mwanamkuu mjane akaja na koroboi
ameificha ndani ya kanga kama aliyeiiba.
Debe lilikuwa na mabaki yenye kutu.
Nikachukua mchi, nikaligonga lile shavu kwa ndani,
mara nane, tisa, mpaka bati likanyooka na kupasuka kidogo,
nikamimina hadi ukingoni, na kupita.
"Andika," akasema.
Sina kalamu, nikamwambia,
nayo ilikuwa sikioni mwangu.
Mafuta yakapenya kwenye ufa,
yakafuata kiganja hadi kiwiko.